UZI: Kuunda wahusika wa bede ya njozi ukiwa Goma, kabla ya kuchora ukurasa wa kwanza

Mchora_Birere (mwanzisha uzi)

Jambo kwenu wote.

Tangu nitupie ile michoro ya Sifa, mhusika mkuu wa bede yangu, ujumbe wa ndani umekuwa mwingi, kwa hiyo naona nijibu hapa hapa kila mtu asome. Wengi mnauliza swali lile lile: unampataje mhusika? Mnategemea niseme naanza na macho, au nywele, au nguo. Mimi uso nauweka mwisho. Naanza na ardhi anayoikanyaga na kazi inayomlisha. Vingine vinafuata vyenyewe, na visipofuata najua hadithi bado haijaiva.

Bede yangu (kwa walio mbali, bede ni hadithi ya picha, katuni ya kurasa) iko kwenye mji wa kubuni uliojengwa juu ya mawe meusi, pembeni mwa ziwa linalohifadhi hewa ya sumu. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa nimetoa wapi. Volkano yetu, Nyiragongo, imeshuka 1977, ikashuka 2002 ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ikashuka tena 2021. Na sisi tunayavunja mawe yale yale na kuyajengea ukuta. Mazuku mnayajua pia: hewa ukaa inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala kwenye mashimo na mabondeni, hasa pasipo na upepo. Mbuzi anashuka kunywa maji, hapandi. Mtoto anaanguka mahali ambapo baba yake amesimama wima na anapumua vizuri.

Sasa chukua jambo hilo moja ulisukume mpaka mwisho. Kama kifo kiko chini, basi katika mji huu urefu ni mali. Tajiri analala juu. Maskini analala karibu na ardhi. Mtoto anabebwa mabegani mpaka afikie kimo fulani, na siku anayoshushwa atembee mwenyewe kuna sherehe. Hakuna anayeinama kumsalimia mkubwa, kwa sababu kuinama ni kuingiza pua kwenye hatari. Heshima inaonyeshwa kwa kunyanyua kidevu. Kitu kikianguka hakiokotwi kwa mkono. Kila mtu anatembea na kingoe, ule mti wenye ndoano tunaoangulia maparachichi, anaokotea nao.

Mnaona? Bado sijachora pua ya mtu yeyote, lakini tayari najua watu wangu wanasimamaje, wanashika nini mkononi na wanasalimianaje. Hiyo ndiyo kazi ya mwanzo. Wengi mnairuka mnakimbilia upanga na joho.

Nitaendelea kwa Sifa. Ngoja umeme utulie.

---

Mchora_Birere

Sifa.

Ana miaka 13, anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Mtanisamehe, najua kwetu chukudu ni kazi ya wanaume, na ile sanamu ya dhahabu pale kwenye mzunguko ni ya mwanaume. Njozi ni njozi. Anashusha makaa ya moto kutoka mlimani kwenda kwa watu wa mjini, usiku, kwa sababu mchana makaa hayaonekani kama bado yako hai.

Nendeni mkamtazame mtu wa chukudu kwa makini, msitazame gari lake tu. Goti moja limewekwa juu ya ubao, mguu wa pili unapiga chini. Kwa hiyo mwili wake haulingani. Suruali inachakaa kwenye goti moja, ile nyingine bado mpya. Kiatu kimoja kinaisha kisigino, kingine hakina kitu. Paja la mguu unaosukuma ni nene kuliko la pili. Bega la upande mmoja liko juu kidogo hata akiwa amesimama tu anakunywa maji. Mchoraji mvivu angemchora msichana mwenye nguo safi pande zote mbili halafu akamweka juu ya chukudu. Msomaji wa Kibumba, huko chukudu zinakoshuka, angecheka.

Kwa hiyo Sifa wangu ana kiraka goti la kushoto, kipande cha mpira wa tairi kilichoshonwa kwa waya. Mguu wa kulia ana katambuga iliyokwisha nyuma, imekuwa nyembamba kama ulimi. Mguu wa kushoto hana kiatu kabisa, haukanyagi chini, wa nini? Hapo hapo nikapata jambo ambalo sikulipanga: akishuka kwenye chukudu, mguu mmoja uko peku juu ya mawe makali. Sifa hapendi kushuka. Tabia hiyo imetoka kwenye kiatu, sikuiandika popote.

Lakini kutolingana kuna gharama, na hapa vijana wa simu nisikilizeni vizuri. Programu zinakupa kitufe cha kugeuza mchoro upande wa pili. Kinaonekana kinaokoa muda. Ukimgeuza Sifa, kiraka kinahamia goti la kulia na katambuga inahamia kushoto, na kwenye picha inayofuata vinarudi. Msomaji hatajua ni nini, ila atahisi kuna kitu hakikai sawa. Ndiyo maana karatasi ya mwonekano haikwepeki: mbele, robo tatu, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia (ndiyo, ubavu wote wawili, kwa mhusika wa aina hii), na nyuma, wote kimo kimoja juu ya mistari ile ile ya kichwa, bega, kiuno, goti. Ibandike ukutani mbele ya meza. Usiiweke kwenye simu, hutaifungua.

Jambo la pili: hesabu. Albamu ya mtindo wa Ufaransa na Ubelgiji kwa kawaida ina kurasa 46 za hadithi. Weka picha sita kwa ukurasa, unapata picha 276. Mhusika mkuu akionekana kwenye theluthi mbili tu, utamchora mara 184. Sasa rudi kwenye mchoro wako mzuri wenye mkufu wa shanga 30. Shanga 30 mara 184 ni shanga 5,520. Utazichora? Ukurasa wa kumi zitakuwa nukta, ukurasa wa ishirini zitakuwa mstari, ukurasa wa thelathini mhusika atakuwa "amepoteza" mkufu wake bila hadithi kusema. Kila pambo unalomvisha leo, jiulize kama uko tayari kulilipia kila siku mpaka mwisho. Sifa ana mapambo mawili: kiraka na taa. Basi.

Taa inaning'inia mbele ya chukudu, shubiri moja kutoka chini. Ikizimika, anageuza na kukimbia.

---

Muuguzi_Katindo

Kaka, michoro ni mizuri na hilo la kutoinama limenikaa. Lakini hiyo taa inanitia wasiwasi, nisamehe kwa kuleta kazi kwenye njozi. Katika maisha ya kweli taa si kipimo cha kuaminika. Hewa ukaa ikifika kama asilimia 10 mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache, na mwali bado unaweza kuwa unawaka. Watoto wetu watasoma, wataamini kwamba mshumaa ukiwaka pako salama, halafu watashuka shimoni na mshumaa.

---

Mchora_Birere

Yaya Muuguzi, aksanti sana. Hili naliingiza kwenye hadithi moja kwa moja.

Taa ya Sifa inafanya kazi kwa sababu iko kwenye kifundo cha mguu na pua yake iko juu sana ya hapo. Sumu inafika kwenye taa muda mrefu kabla haijamfikia yeye. Kwa hiyo naweka tukio: mtu mzima, mjuaji, ameishika taa mkononi usawa wa kifua apate kuona vizuri. Taa inawaka. Yeye anaanguka. Inaanguka naye, na chini ndipo inapozimika. Picha nne, hakuna maneno. Mtoto atakayesoma hataishika taa juu na hatauamini mwali tu. Na ukurasa wa mwisho wa kitabu, nje ya hadithi, nitaandika wazi kwamba mahali pa mazuku hapajaribiwi kwa kitu chochote, panaepukwa.

Ila taa hiyo chini ina faida nyingine ambayo wachoraji wenzangu wataipenda. Mwanga unatoka chini kwenda juu. Kila mchoraji anajua uso ukimulikwa kutoka chini unatisha: kidevu cheupe, mashimo ya macho meusi, vivuli vya pua vinapanda kwenye paji. Tunautumia kwa wachawi. Mimi nimeugeuza: maskini wote wa mji huu wanamulikwa kutoka chini, matajiri wanamulikwa na taa za darini. Kwa hiyo tajiri anapowaona watu wa chini usiku, anaona mizimu. Msomaji naye, kurasa za kwanza, atamwogopa Sifa kidogo. Halafu kunakucha, jua linamkuta na uso wa mtoto wa kawaida. Sijui nyie, lakini mimi kwa tukio hilo peke yake ningeandika kitabu kizima.

---

Motari_Ndosho

Mimi si mchoraji, napita tu. Swali: adui ni nani? Na usiniambie ni askari mwenye bunduki.

---

Mchora_Birere

Hakuna bunduki kwenye kitabu hiki. Hata moja. Atakayesema haiwezekani kuandika Goma bila bunduki, aandike ya kwake.

Adui ni wenye urefu. Wanatembea juu ya miguu ya miti, mironjo, wengine mita nzima juu ya vichwa vyetu. Na hapa nataka tukae kidogo kwenye vipimo, maana ni sehemu ambayo vijana wanakosa maarifa kuliko kipaji.

Mwili wa mtu mzima wa kweli una urefu wa vichwa saba na nusu hivi. Wachoraji wa mashujaa wanaenda nane. Mtoto ana kichwa kikubwa kwa mwili wake, kwa hiyo idadi inashuka. Mimi Sifa nimemshusha mpaka vitano, ni mfupi kuliko mtoto wa kweli wa miaka yake, na matajiri nimewapandisha tisa, bila kuhesabu mironjo. Ukiwaweka kwenye picha moja, tajiri haingii. Ukitaka uso wake, Sifa anakatwa na mpaka wa chini wa picha. Ukitaka Sifa, unaona mironjo tu na pindo la kikwembe (kitenge). Hawawezi kukaa kwenye fremu moja wakiwa sawa, na hicho ndicho kisa chenyewe. Tukio la kwanza wanapoonekana wote wawili, nyuso na miguu, ni siku tajiri anapoanguka.

Mkuu wao nilimchora kwanza mnene, mapete, kofia, tumbo. Kila mtu anamchora tajiri hivyo. Lakini mtu juu ya mironjo hawezi kuwa mnene, ataivunja. Ni lazima awe mwembamba, mikono mirefu ya kujishikilia kwenye kuta, vidole vilivyozoea kupapasa. Halafu nguo: pindo safi kabisa. Katika mji wa vumbi jeusi, usafi wa pindo ndio cheo. Maskini wote nawapaka wino mzito kutoka goti kwenda chini. Tajiri mweupe mpaka unyayo. Ukifumba jicho moja ukatazama ukurasa kwa mbali, unajua nani ni nani kwa kuangalia weusi uko wapi.

Kipimo cha umbo: jaza mhusika wako wote wino mweusi, bila macho bila nguo, uweke wenzake pembeni nao weusi. Kama unawachanganya, rudi mezani. Sifa ni pembetatu iliyolala, pana chini. Mkuu ni msumari. Bibi yake Sifa, ambaye sijawaonyesha, ni duara lenye kingoe. Bibi anabeba wajukuu wawili mabegani kila saa, kwa hiyo umbo lake lina vichwa vitatu, na nilipomjaza wino nikaona zimwi. Nikaliacha hivyo. Watoto wa matajiri ndivyo wanavyomwita.

---

Mwana_Lubum

Salamu kutoka Lubumbashi. Mkubwa, mambo mawili.

La kwanza, utajiri wa hao watu wako ni nini? Hewa safi peke yake haionekani kwenye mchoro. Huku kwetu zamani misalaba midogo ya shaba ilikuwa pesa, watu walilipia mahari kwayo. Iko makumbusho hapa mjini, nenda ukaitazame siku ukifika: mizito kuliko unavyofikiri. Mvishe mkuu wako misalaba ya shaba kiunoni, mingi, na umpe rangi: shaba ikikaa kwenye unyevu inatoa kijani. Tajiri mpya anang'aa mwekundu, tajiri wa ukoo wa zamani ni wa kijani. Kwa mji wa ziwa, kijani kingekuja haraka.

La pili, umesahau mamba muntu. Hapa hakuna mzee ambaye hakuwahi kuwa na picha yake sebuleni: mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, anakupa mali na anakudai roho. Una ziwa na huna mamba muntu?

---

Mchora_Birere

La kwanza nalichukua lote. Mtu aliyesimama juu ya miti akiwa amevaa shaba kiunoni: kila msalaba anaoongeza unampandisha cheo na unamsogeza karibu na kuanguka. Sikuhitaji tena kuandika hotuba ya mtu yeyote kuhusu tamaa. Nitachora watumishi wawili wa kumshikilia, baadaye wanne. Msomaji atahesabu mwenyewe.

La mamba muntu nakataa, na si kwa dharau. Wachoraji wa Katanga wamemchora kwa miaka na miaka, ni wenu, mnamjua kila unyoya. Mimi nikimleta Goma atakuwa mgeni aliyevaa nguo za kuazima. Na ziwa letu lina ukweli wake mwingine. Chini ya mita 60 hivi, Kivu haina oksijeni. Samaki hawashuki huko. Maji ya chini yamejaa hewa ukaa na metani, ndiyo hiyo metani ambayo Rwanda wanaigeuza umeme. Mwanamke nusu samaki angekufa huko chini, yeye na mali yake.

Basi nikajiuliza: kitakachotoka huko kitakuwa na mwili gani? Hakipumui. Kwa hiyo hakina pua, hakina mashavu ya samaki, hakina kifua kinachopanda na kushuka. Sasa jaribuni kuchora kiumbe kinachokasirika bila kutumia pua wala pumzi! Ni vigumu sana. Hasira yote tunayoijua kwenye katuni ni pua zilizopanuka na mvuke. Nimebaki na shingo na kasi. Kikitulia hutajua kama kiko hai.

---

Kadutu_Wino

Mimi wa Bukavu niongeze basi. Mmesahau mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, mbele na nyuma miti mirefu imechongoka kwenda angani kama pembe za mdudu, usiku ina taa, na wavuvi wanaimba kwa zamu ya kasia. Mtu akiiona mara ya kwanza kutoka kwenye meli, kwenye giza, anajua ni kiumbe. Hicho ndicho kiumbe chako cha ziwa, kaka. Hakina pua.

---

Mchora_Birere

Nimesimama nikatembea chumbani.

Miti mirefu ni miguu yake. Kinatembea juu ya maji, hakiogelei. Matumbo matatu, yamefungwa. Taa ni jicho, moja, katikati. Na wimbo! Kama hakina pumzi hakiwezi kuimba, kwa hiyo wimbo ni wa watu walio ndani. Nakuwekea jina lako kwenye ukurasa wa shukrani, andika unavyotaka liandikwe.

(Naona tayari wawili wameuliza kama wanaweza kuchora matoleo yao. Choreni, tupieni hapa.)

---

Daftari_la_Majengo

Mimi nina miaka 16, nachora kwa mtindo wa Kijapani, macho makubwa. Kila mtu mkubwa ananiambia niache, nichore "Kiafrika". Wewe unasemaje?

---

Mchora_Birere

Mdogo wangu, macho chora unavyotaka. Hakuna macho ya Kiafrika. Swali langu ni moja tu: mhusika wako ukimtoa kwenye hadithi yako ukamweka kwenye hadithi ya mtu mwingine, atafaa bila kubadilisha kitu? Akifaa, bado hujamuumba, umemchagua dukani.

Na usidhani ukimvisha kikwembe na ngao ya ngozi umemaliza. Huo nao ni ununuzi, duka jingine tu. Angalia Mwindo, ambaye Wanyanga wa Walikale wamemsimulia kabla yetu sote. Alizaliwa mdogo, anatembea na kuongea siku ile ile, baba yake hamtaki. Anashinda majoka na watu wa chini ya ardhi. Silaha yake kuu ni nini? Usinga, mkia wa kupungia. Hana upanga. Shujaa mdogo wa kimo, kitu kimoja kinachomtambulisha, na kitu hicho kinajulikana mpaka leo. Sikuambii umchore Mwindo; kama una mzee wa Kinyanga karibu, kamsikilize kwanza, yako mambo mengi humo ambayo si mapambo. Nakuambia uone jinsi waliomtangulia mchoraji yeyote walivyojua kupunguza.

---

Mama_Riziki

Mimi nauza vitabu vya shule na fotokopi karibu na chuo. Swali la biashara: kitachapishwa vipi? Rangi ni ghali, na mteja wangu anatoa franki chache.

---

Mchora_Birere

Mama, umeuliza swali ambalo linapaswa kuulizwa siku ya kwanza, kabla ya mchoro wa kwanza.

Toleo la kwanza ni nyeusi na nyeupe, fotokopi, karatasi ya A4 ikikunjwa katikati. Kinshasa, Papa Mfumu'eto alifanya hivyo tangu 1990, kwa Kilingala, karatasi za bei ndogo zikiuzwa sokoni, na moja ya hadithi zake za mwanzo ilikuwa uvumi wa mjini: jamaa anageuka chatu, anammeza mwanamke, anatapika dola. Mji mzima ulisoma. Hiyo nayo ni njozi, wala haikuhitaji rangi.

Kwa hiyo wahusika wangu wanapita mtihani wa mashine yako. Nachukua karatasi ya mhusika, natoa fotokopi, naitolea fotokopi ile fotokopi, kisha natoa tena kwenye ile ya pili. Kinachopotea nakifuta kwenye mchoro wa asili. Mistari myembamba ya kivuli inapotea kwanza. Kijivu cha penseli kinakuwa madoa. Wino mzito na weupe mtupu vinabaki. Kijani cha shaba ya Mwana_Lubum hakitaonekana hapo, kwa hiyo misalaba ya zamani nimeipa nukta nzito na mipya nimeiacha mitupu. Rangi itasubiri jalada.

Wanaochora kwa simu au kompyuta: kwa kompyuta, programu ya Krita ni ya bure na inafanya kazi hiyo yote. Chora kwa nukta 600 kwa inchi kama ni nyeusi na nyeupe, 300 zinatosha kwa rangi. Msiniletee picha iliyopigwa screenshoti mkasema ichapishwe.

Na maneno yataandikwa kwa Kiswahili chetu, kinachosemwa huku mtaani Birere. Vibonge vya maneno nitavipa nafasi, sitavibana kwenye kona.

Sasa mimi naomba msaada. Karatasi ya Sifa imebaki mwonekano wa nyuma. Picha zangu zote za chukudu ni za ubavuni. Nahitaji moja kutoka nyuma, ikiwa na mzigo, na kile kipande cha mpira cha kukanyagia breki juu ya gurudumu kikionekana vizuri. Nani anaweza?

---

Motari_Ndosho

Asubuhi napita barabara ya Sake, zinashuka na makaa na viazi. Nitapiga. Ila ujue si zote zina breki hiyo, nyingine jamaa anakanyaga gurudumu lenyewe kwa kisigino. Wewe wa Sifa unataka ipi?

---

Mchora_Birere

Ya kisigino! Kumbe ndiyo maana katambuga yake imekwisha nyuma. Piga hiyo, na kama jamaa atakubali, piga na mguu.